Nyuzi 27 za Wapi?

Redio inapotangaza kwamba Nairobi itakuwa na joto la nyuzi 27 za sentigredi, mama anayeshinda na mtoto mchanga katika nyumba ya mabati mtaani Mukuru ana haki ya kuuliza: nyuzi 27 za wapi?

Kituo cha hali ya hewa kilichoko Dagoretti kimezungukwa na nyasi na miti. Kipimajoto cha kituo kama hicho huwekwa kivulini, ndani ya kisanduku cheupe kipitishacho hewa. Hakidanganyi, ila husema habari za hapo kilipo tu.

Kati ya 2015 na 2016, watafiti wakiwemo wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, Marekani, walitundika vipimajoto vidogo mitini na kwenye nguzo katika mitaa ya Kibera, Mathare na Mukuru. Matokeo, yaliyochapishwa 2017, yalionyesha kuwa mitaa hiyo ilizidi Dagoretti kwa nyuzi kadhaa, ingawa Kibera haiko mbali na kituo hicho. Mabati hushika moto upesi, nyumba zimesongamana na upepo haupiti. Miti, ambayo hupoza hewa kwa kivuli na kwa mvuke wa majani yake, ni haba.

Je, mwalimu na wanafunzi wake, au wahudumu wa afya wa kijiji, wanaweza kupima wenyewe? Wanaweza, lakini si kwa kipimajoto cha homa, maana hicho huanzia nyuzi 35 hivi. Tafuteni vipimajoto viwili vya hewa, mviweke pamoja kwa nusu saa muone kama vinakubaliana. Kisha kimoja kitundikwe penye miti, kingine katikati ya nyumba, vyote kivulini, mita moja na nusu kutoka ardhini, mbali na ukuta na jiko. Kikipigwa na jua, kitapima jua, si hewa. Visomwe saa ile ile, siku nyingi, na usiku pia. Anayetembea na kipimajoto kimoja mtaa hadi mtaa hujidanganya, kwani saa nazo zinasonga.

Usiku usipuuzwe. Mwili uliochoshwa na joto la mchana huhitaji kupoa usingizini. Joto la Julai 1995 mjini Chicago, lililodumu mchana na usiku, liliua watu zaidi ya 700, wengi wao wazee walioishi peke yao. Kwetu pia wachungwe wazee, watoto wachanga, waja wazito na wagonjwa wa moyo au figo.

Mtu akiumwa kichwa, akipata kizunguzungu na mkojo wake ukawa kidogo na wa rangi nzito, apelekwe kivulini anywe maji polepole. Akianza kupayuka au akizirai, hiyo ni dharura: mloweshe kwa maji, mpepee na kumkimbiza hospitali, wala usimnyweshe chochote akiwa hana fahamu.