Rubela: Ugonjwa Mwepesi kwa Mama, Mzito kwa Mtoto

Msomaji akiambiwa ya kuwa uko ugonjwa ambao mwanamke huweza kuupata asilazwe hata siku moja, wala asiache kwenda shambani au sokoni, kisha ugonjwa huo huo ukampofusha mtoto aliye tumboni mwake na kumziba masikio, labda atadhani ni hadithi ya kutishia watu. Lakini si hadithi. Ugonjwa huo ni rubela.

Dalili zake ni chache: homa kidogo, vipele vidogo vyekundu ambavyo huanza usoni na kushuka mwilini, na tezi zinazovimba nyuma ya masikio na kisogoni. Baada ya siku tatu hivi mambo yote yamekwisha. Tena wako wengi wanaoambukizwa wasione dalili hata moja. Wengine huuita surua ya Kijerumani, na jina hilo limewapoteza watu mara mbili: kwanza ugonjwa huu si surua, ijapokuwa vipele vyake vinafanana, pili haukutoka Ujerumani, ila madaktari wa nchi ile ndio waliotangulia kuueleza, katika karne ya 18.

Kwa muda mrefu hakuna daktari aliyeujali. Mambo yaligeuka mwaka 1941, katika mji wa Sydney, nchi ya Australia. Huko alikuwako daktari wa macho, Norman Gregg, aliyeona jambo la ajabu. Watoto wachanga waliletwa kwake, mmoja baada ya mwingine, nao wana mtoto wa jicho, yaani ule ukungu mweupe katika mboni ambao tumezoea kuuona kwa wazee. Habari iliyosimuliwa mara nyingi ni ya kuwa aliwasikia akina mama waliokuwa wakingoja zamu yao wakizungumza wao kwa wao, na katika mazungumzo yao wakatajiana ya kuwa walipata rubela walipokuwa waja wazito. Mwingine angeyapuuza kuwa ni maneno ya barazani. Gregg aliyasikiliza, akaanza kuuliza na kuhesabu miezi. Mwaka 1940 rubela ilikuwa imeenea sana Australia, hasa kwa kuwa askari wengi walikusanyika makambini kwa ajili ya vita. Mwezi Oktoba 1941 aliwaeleza madaktari wenzake habari za watoto 78, na katika hao, mama wa watoto 68 walikuwa wamepata rubela wakati wa mimba, wengi wao katika miezi ya mwanzo.

Wako waliotilia shaka maneno yake. Lakini mwaka 1943 madaktari wa Australia Kusini walieleza ya kuwa kulikuwa na watoto wa namna hiyo ambao, mbali na macho, hawakusikia pia. Baadaye, mwaka 1951, mtaalamu wa hesabu aitwaye Oliver Lancaster alifungua vitabu vya zamani vya sensa, akaona ya kuwa viziwi wengi mno walikuwa wamezaliwa karibu na mwaka 1899, wakati rubela ilipokuwa imeenea katika nchi ile. Basi ule ushahidi ulikuwako muda wote, umeandikwa kwa wino, ila hapakuwa na mtu aliyeuliza.

Yafaa sasa tueleze jinsi madhara hayo yanavyotokea. Virusi vya rubela hupita katika damu ya mama, vikavuka kondo la nyuma na kumfikia mtoto. Katika miezi mitatu ya kwanza viungo vya mtoto ndivyo vinavyoumbwa: moyo, macho, masikio, ubongo. Virusi vikiingia wakati huo, seli huharibika au hushindwa kuongezeka kama ipasavyo. Mama akiambukizwa katika majuma 12 ya kwanza, katika mimba kumi huenda hata tisa zikapata madhara. Miezi ikisogea hatari hupungua, na baada ya juma la 20 ni nadra mtoto kuzaliwa na kasoro.

Katika jicho virusi huingia ndani ya lenzi, yaani kile kioo kidogo kilicho nyuma ya mboni, na kukifanya kiwe na ukungu. Katika sikio huharibu ile sehemu ya ndani kabisa iliyojikunja kama kombe la konokono, ambayo ndiyo ipokeayo sauti. Uziwi ndio unaoonekana zaidi kuliko madhara mengine, na mara nyingine huwa peke yake, mtoto akawa mzima machoni na moyoni.

Hapa ndipo wazazi wengi hudanganyika. Mtoto kiziwi hucheka, na katika miezi ya mwanzo hutoa vijisauti kama watoto wengine. Baadaye, wenzake waanzapo kutamka maneno, yeye hunyamaza. Watu husema ni mkaidi, naye akachapwa kwa kutoitika jina ambalo hajalisikia hata mara moja. Na mama yake husemwa ya kuwa amelaaniwa, au amerogwa, au ukoo wake una kasoro. Mwanamke ameachwa kwa sababu ya vipele vya siku tatu ambavyo huenda yeye mwenyewe hakuviona! Aliyemwambukiza pengine ni mtoto wa jirani aliyekuwa na mafua kidogo, au mume wake mwenyewe aliyerudi safarini.

Rubela haina dawa ya kuiponya mimba ikiisha kuingiliwa, lakini ina kinga. Katika miaka ya 1964 na 1965 ugonjwa ulienea Marekani, wakazaliwa watoto 20,000 hivi wenye madhara yake, na zaidi ya 11,000 kati yao walikuwa viziwi. Chanjo ilipatikana kule mwaka 1969, na mwaka 2015 ilitangazwa ya kuwa bara zima la Amerika limeacha kuwa makao ya ugonjwa huu. Tanzania iliingiza chanjo hiyo mwaka 2014, na Kenya mwaka 2016, ikiwa imechanganywa na ile ya surua. Katika Kenya mtoto huchanjwa afikapo miezi 9, na tena miezi 18. Wavulana nao wachanjwe, kwani mvulana huleta ugonjwa nyumbani sawasawa na msichana. Mwanamke ambaye hajachanjwa na achanjwe kabla ya kushika mimba, kisha angoje mwezi mmoja. Mwenye mimba tayari hapewi.

Mtoto akiisha kuzaliwa, mtazameni machoni penye mwanga. Mboni ikiwa nyeupe badala ya kuwa nyeusi, msingoje akue. Mtoto wa jicho wa mzee huweza kungojea mavuno yapite. Wa mtoto mchanga haungojei, kwa kuwa ubongo hujifunza kuona katika miezi ya mwanzo, na usipopata nuru wakati ule, hata jicho likisafishwa baadaye halitaona vema. Kadhalika, pigeni makofi nyuma yake asipowaona. Asiposhtuka, mpelekeni hospitali akapimwe masikio. Kiziwi akianza mapema kufundishwa lugha ya ishara hupata elimu kama wenzake, na Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 imeifanya lugha hiyo kuwa mojawapo ya lugha rasmi za Bunge.

Jambo moja zaidi, nalo husahauliwa. Mtoto aliyezaliwa na rubela huweza kutoa virusi katika mate na mkojo wake hata mwaka mzima. Ni desturi yetu akina mama kwenda kumwona mzazi, kumpelekea uji na kumpakata mwanawe. Mwenye mimba ambaye hajachanjwa na atume salamu tu, akamwone mtoto huyo mwaka ukiisha.