Mafunzo ya Kazini: Mfanyakazi Ashiriki, Asisikilize Tu

Kaaga ni mahali pa kusoma. Ukitoka kidogo mjini Meru utakuta Shule ya Wasichana ya Kaaga, Shule ya Wavulana ya Kaaga, Chuo Kikuu cha Methodist cha Kenya (KeMU), na nyumba nyingi za kupanga wanamoishi wanafunzi. Usiku unapoingia, usalama wa vijana wanaolala katika mabweni yoyote ya kaunti yetu hubaki mikononi mwa watu wachache: askari wa zamu, matroni, na mpishi anayewasha jiko kabla ya alfajiri. Mafunzo wanayopewa watu hao yanaweza kuokoa maisha. Yanaweza pia kuishia kuwa sahihi tu kwenye orodha ya mahudhurio.

Somo hili linaeleza jinsi ya kuendesha mafunzo ambayo mfanyakazi anashiriki. Mfano wetu ni mafunzo ya moto bwenini, lakini hatua zenyewe zinafaa pia kiwanda cha chai, hoteli, ghala, zahanati na afisi ya wadi.

Kwa nini kusikiliza hakutoshi

Mwezi Machi 2001, wanafunzi 67 walifariki katika moto wa bweni katika Shule ya Upili ya Kyanguli, Machakos. Mlango mmoja ulikuwa umefungwa kwa kufuli na madirisha yalikuwa na vyuma. Mwaka 2008 Wizara ya Elimu ilitoa mwongozo wa usalama shuleni: milango ya bweni ifunguke kwa nje, isifungwe kwa nje wanafunzi wakiwa ndani, na madirisha yasiwe na vyuma. Hata hivyo nchi iliomboleza tena. Mwaka 2017 wasichana 10 walifariki Moi Girls, Nairobi. Mwaka 2024 wavulana 21 walifariki Hillside Endarasha, Nyeri.

Kanuni hizi si ngumu kueleweka. Mkufunzi akisema, "Msifunge mlango kwa nje," ukumbi mzima utaitikia. Lakini askari aliyeketi nyuma ana sababu zake. Huenda magodoro yaliibwa muhula uliopita. Huenda wanafunzi hutoroka usiku, na wakitoroka yeye ndiye anayeitwa afisini kujieleza. Asipopata nafasi ya kusema hayo, atapiga makofi, atakunywa chai, na usiku huo atafunga mlango kama kawaida.

Kwa hivyo kumshirikisha mfanyakazi si kumchezesha michezo ili asisinzie. Ni kumpa nafasi ya kutaja kinachomzuia kufanya jambo ambalo tayari anajua ni sawa, kisha kutafuta suluhisho pamoja naye.

Njia iliyokuzwa hapa Kenya

Mbinu hii si ngeni kwetu. Katika miaka ya 1970, Anne Hope wa Afrika Kusini na Sally Timmel wa Marekani walifanya kazi nchini Kenya katika mpango ulioitwa DELTA, uliofundisha viongozi wa jamii kupitia Kanisa Katoliki. Walitumia mawazo ya Paulo Freire, mwalimu wa elimu ya watu wazima kutoka Brazil. Uzoefu huo ulizaa vitabu vya Training for Transformation, vilivyochapishwa Zimbabwe mwaka 1984.

Mkufunzi wa njia hii haanzi na majibu. Anaonyesha picha au igizo fupi la tatizo ambalo washiriki wanalijua, kisha anauliza kwa mpangilio: Mmeona nini? Kwa nini imetokea? Je, hutokea hapa kwetu? Chanzo chake ni nini? Tufanye nini? Maswali haya matano yanaweza kubeba mafunzo yoyote.

Kikao cha saa mbili, hatua kwa hatua

Wagawe washiriki katika makundi ya watu wasiozidi 12. Changanya kada: mpishi, askari, matroni, karani na mwalimu wa zamu.

1. Tembeeni mwone (dakika 30). Msianzie ukumbini. Nendeni bwenini wawili wawili, mkiwa na kazi nne: hesabuni hatua kutoka kitanda cha mwisho hadi mlangoni, fungueni kila mlango na dirisha, tafuteni mtungi wa kuzimia moto na mtazame kama mshale uko kwenye rangi ya kijani, ulizeni funguo ziko kwa nani saa nane usiku.

2. Igizo (dakika 35). Washiriki watatu waigize: mwanafunzi amesikia harufu ya moshi, matroni anaita, na mwenye funguo ameenda upande wa pili wa shule. Simamisha igizo hapo hapo, kabla halijapata suluhisho. Uliza yale maswali matano. Mkufunzi akiuliza, anyamaze. Ukimya wa nusu dakika huonekana mrefu, lakini mara nyingi mtu anayejua jibu hungoja wengine waseme kwanza.

3. Mikono ifanye kazi (dakika 35). Kila mshiriki ashike mtungi wa kuzimia moto. Asiwe mmoja anaonyesha huku wengine wanatazama. Hatua ni nne: vuta pini, lenga mpira chini kwenye chanzo cha moto, bana mkono, na pepeta kushoto na kulia. Fanyeni bila kuufungulia, kisha mmoja aufungulie mtungi mmoja nje, na mtungi huo ujazwe tena mara moja. Wapishi wafanye zoezi lao: mafuta yakishika moto kwenye sufuria, zima jiko, funika kwa mfuniko, usimwage maji. Kila mtu arudie kwa maneno yake kwamba moto wa umeme hauzimwi kwa maji, na kwamba moto ukishakua, kazi ya kwanza ni kuwatoa watu.

4. Makubaliano (dakika 20). Andikeni kwenye karatasi kubwa: jambo gani, nani atalifanya, kufikia lini. Ikiwa askari amesema anafunga kwa sababu ya wizi, hapa ndipo jibu lipatikane: komeo linalofunguka kwa ndani, taa ya nje, au zamu ya watu wawili. "Tutajitahidi" si makubaliano.

Mambo yanayoharibu kikao

Wakati usiofaa. Askari aliyekesha hawezi kujifunza saa tatu asubuhi. Panga kikao chake kabla ya zamu kuanza, na saa hizo zihesabiwe kuwa za kazi.

Lugha. Mshiriki anayejieleza vizuri zaidi kwa Kimeru aachwe aseme kwa Kimeru, na mwenzake atafsiri.

Mkubwa kuketi mbele. Mfanyakazi hatasema mlango umeharibika mbele ya mtu aliyekataa kuutengeneza. Mkuu afungue kikao, atoke, kisha arudi kupokea makubaliano na kuyajibu. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inakataza mwajiri kumwonea mfanyakazi kwa sababu amelalamika kuhusu hatari kazini. Washiriki waambiwe hivyo tangu mwanzo.

Sheria inasema nini

Chini ya sheria hiyo, mahali pa kazi penye watu 20 au zaidi panapaswa kuwa na kamati ya usalama na afya, yenye wawakilishi wa mwajiri na wa wafanyakazi. Kanuni za kupunguza hatari za moto za 2007 zinataka zoezi la kuondoka wakati wa moto lifanywe angalau mara moja kila miezi 12. Aidha, mwajiri hulipa ada ya mafunzo ya shilingi 50 kwa kila mfanyakazi kwa mwezi kwa Mamlaka ya Kitaifa ya Mafunzo ya Viwanda (NITA), na anaweza kuomba kurudishiwa gharama za mafunzo yaliyoidhinishwa. Wengi hulipa bila kudai chochote.

Utajuaje kwamba wamejifunza?

Usihesabu vyeti. Baada ya wiki mbili, mwendee mfanyakazi mmoja mmoja akiwa kazini, umwombe akuonyeshe, asikueleze: "Nionyeshe mtungi ulipo. Nionyeshe unavyofungua mlango huu gizani." Kisha fanyeni zoezi la usiku, mpime dakika kuanzia kengele ilipolia hadi mtu wa mwisho kuitwa jina katika uwanja wa kukutanikia. Andikeni muda huo, mrudie muhula ujao, mlinganishe.

Zoezi la msomaji

Ukiwa kazini wiki hii, mzazi ukiwa katika mkutano wa shule, au mpangaji katika jengo lenye geti la kufuli, uliza maswali haya matatu:

1. Usiku, funguo ziko kwa nani, na akikosekana ni nani mwingine anazo?
2. Mara ya mwisho watu wote kufanya zoezi la kutoka ilikuwa lini?
3. Ni jambo gani lilibadilika hapa baada ya mafunzo ya mwisho?

Usipopata jibu, peleka swali hilo kwa kamati ya usalama, bodi ya shule au mwenye jengo, na uombe jibu kwa maandishi.