Dondoo: Kukata bima ya tuktuk au gari mtaani Nyalenda, Kisumu

Kabla hujamlipa wakala, hakikisha haya:

1. Omba bei kwa kampuni tatu, kwa bima ya aina moja na muda uleule. Bima ya mwezi ni nafuu leo; izidishe mara 12 kwanza.

2. Taja matumizi ya kweli. Tuktuk inayobeba abiria Ring Road kwa bima ya matumizi binafsi inaipa kampuni sababu ya kukataa dai. Hakuna kosa baya kuliko hili, hata kama wakala ndiye aliyekushauri.

3. Kagua makato juu ya ada ya bima: mafunzo 0.2%, mfuko wa fidia 0.25%, stempu shilingi 40. Yakizidi hapo, uliza ni ya nini.

4. Bima ya mtu wa tatu, inayolazimishwa na Sura ya 405 ya Sheria za Kenya, haitengenezi chombo chako.

5. Kwa bima kubwa (comprehensive), uliza utajilipia kiasi gani kila ajali. Ada ndogo mara nyingi huficha mzigo hapo.

6. Mto Auji hufurika: uliza kama mafuriko yamo, ujibiwe kwa maandishi.

7. Usishushe thamani ya gari ili kupunguza ada. Fidia nayo itashuka.

8. Tafuta jina la wakala kwenye orodha ya Mamlaka ya Kudhibiti Bima (IRA).

9. Lipa kwa Paybill ya kampuni, kamwe si kwa nambari ya mtu, kisha hakiki cheti papo hapo kwa simu.