Bima Kabla ya Uchungu

Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba karibu kila mjamzito nchini Kenya, 98 kwa kila 100, alihudhuria kliniki. Waliofika mara nne au zaidi walikuwa 66 tu, ilhali Shirika la Afya Duniani linashauri mara nane, ya kwanza kabla ya wiki ya 12 kwisha. Kuhudhuria huko kunaonyesha kwamba akina mama wanajua faida ya kliniki. Mara nyingi kinachowakwamisha ni pesa: nauli kutoka Kuresoi, kibarua cha siku kinachopotea Naivasha, kipimo kinachoahirishwa hadi mwisho wa mwezi. Presha inaweza kupanda baada ya wiki ya 20 bila mama kuhisi lolote. Hugunduliwa kwa mashine ya presha na kijiti kinachochovywa kwenye mkojo, na aliyeruka kliniki hapimwi.

Bima hailipi nauli, lakini huondoa hofu ya bili. Tangu Oktoba 2024 Mamlaka ya Afya ya Jamii (SHA) imechukua nafasi ya bima ya zamani ya NHIF, na Linda Mama, iliyomlipia mama hata kama hachangi, imegeuzwa kuwa Linda Jamii. Katika mabadiliko hayo ndipo familia nyingi hukosea. Kujisajili kwa *147# kunatosha kwa huduma za msingi za dispensari na kituo cha afya. Hospitalini, ambako SHA hulipa Sh10,000 kwa kujifungua kwa kawaida na Sh30,000 kwa upasuaji, sharti mchango uwe umelipwa. Aliyejisajili tu hujiona salama mpaka muuguzi wa Molo amwandikie rufaa ya kwenda hospitali kuu ya Nakuru. Mume akikatwa 2.75% ya mshahara, hakikisheni mke ameorodheshwa kama mtegemezi wake.

Wapo wanaosema kwamba mchango wa mwaka mzima, kuanzia Sh3,600, ni mzigo kwa mtu wa boda boda au mkulima anayengoja viazi vikomae. Ni kweli, na kuudai wote kwa mpigo kunawafungia nje wale wale wanaouhitaji zaidi. Hata hivyo mimba hutoa muda: Sh150 kwa wiki, tangu hedhi inapokosekana, hutimiza kiasi hicho kwa wiki 24. Upo pia mpango wa Lipa SHA Pole Pole, wa kulipa mchango kidogo kidogo. Wengine hulalamika kwamba bima ipo ila dawa hakuna. Hilo hutokea, na serikali ya kaunti inapaswa kuulizwa. Lakini bili inayoifanya familia iuze ng'ombe, au imcheleweshe mama nyumbani huku damu inamtoka, kwa kawaida ni ile ya upasuaji.