Muumba na Mlipuko Mkuu: Maswali ya Kyebando

Kyebando ni mtaa wa makanisa. Jumapili asubuhi, kati ya Barabara ya Gayaza na ile ya mchepuko wa kaskazini mwa Kampala, spika za walokole hupokezana na nyimbo za Wakatoliki na Waanglikana. Jirani tu, kwenye kilima cha Kikaaya, lipo hekalu la Wabahai lililozinduliwa Januari 1961. Kilomita chache kuelekea kusini zipo Mulago na Chuo Kikuu cha Makerere, ambako kijana aliyeimba kwaya Jumapili anaweza kukaa darasani Jumatatu akifundishwa kwamba ulimwengu una miaka bilioni 13.8.

Ndipo maswali yanapoanza. Katika sensa ya 2014, zaidi ya wananchi 8 kati ya 10 wa Uganda walijitambulisha kuwa Wakristo, kwa hiyo jambo hili linagusa nyumba nyingi: mzazi anaogopa sayansi itamwibia mtoto imani, na mtoto anaogopa imani itamfanya aonekane mjinga mbele ya wenzake. Hofu zote mbili zinapungua sana mtu akiijua historia yenyewe.

Ni kweli nadharia ya Mlipuko Mkuu ilitungwa na wasioamini ili kumwondoa Muumba?

Hapana. Aliyeitoa alikuwa padri.

Georges Lemaître alizaliwa Charleroi, Ubelgiji, mwaka 1894. Alipigana Vita Kuu ya Kwanza akiwa kwenye kikosi cha mizinga, akapewa upadri mwaka 1923, kisha akaenda kusoma Cambridge na Marekani. Mwaka 1927, akiwa mwalimu wa Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Louvain, aliandika makala ya Kifaransa akionyesha kwamba milinganyo ya Einstein inakubali ulimwengu unaotanuka, na kwamba vipimo vya galaksi vilivyokwisha kupatikana vinaelekeza huko huko. Jarida lilikuwa dogo, wasomaji wachache. Einstein alipokutana naye Brussels mwaka huo alizikubali hesabu zake, ila wazo lenyewe alilikataa waziwazi. Miaka miwili baadaye Edwin Hubble akachapisha vipimo vilivyowazindua wengi: kadiri galaksi ilivyo mbali, ndivyo inavyotukimbia kwa kasi zaidi. Mwaka 1931 Lemaître akapiga hatua nyingine katika jarida la Nature. Ikiwa vitu vyote vinaachana, basi zamani vilikuwa pamoja, na akauita mwanzo huo atomu ya awali.

Hata jina la Mlipuko Mkuu lilitoka kwa mpinzani. Fred Hoyle, mwanafizikia Mwingereza asiyeamini Mungu, alilitamka kwenye redio ya BBC Machi 1949, na yeye alishikilia kwamba ulimwengu haukuwa na mwanzo wowote. Kwa hiyo miaka ile shutuma zilikuwa zinaelekea upande mwingine kabisa: wapo wanasayansi walioshuku kwamba padri anapenyeza kitabu cha Mwanzo ndani ya fizikia. Mhubiri anayesimama leo na kusema nadharia hii ni njama ya wapinga Mungu anamkana ndugu yake katika imani.

Afrika nayo ina kipande chake. Chuo cha Louvain alikofundisha Lemaître ndicho kilichozaa Chuo Kikuu cha Lovanium, Kongo, mwaka 1954. Mkuu wake, Luc Gillon, alikuwa padri na mwanafizikia wa nyuklia, na mwaka 1959 kinu cha kwanza cha nyuklia barani Afrika kikaanza kufanya kazi chuoni hapo.

Hakuna mtu aliyekuwapo. Wanasayansi wamejuaje?

Kwa alama zilizobaki. Ya kwanza ni hiyo ya galaksi kuachana, inayopimwa katika rangi ya nuru yake. Ya pili ni heliamu: takribani robo ya uzito wa maada ya kawaida ulimwenguni ni heliamu, kiasi ambacho nyota peke yake zisingeweza kukipika, lakini kinalingana na hesabu za ulimwengu uliokuwa na joto kali katika dakika zake za mwanzo.

Ya tatu wengi wameiona bila kujua. Aliyewahi kuwa na TV ya kichogo anazikumbuka chenga zilizojaa kwenye kioo pale antena iliposhindwa kunasa stesheni. Sehemu ndogo ya chenga zile, kama asilimia moja hivi, ilitoka kwenye nuru ya kale kuliko zote, iliyoachiliwa ulimwengu ulipokuwa na umri wa miaka kama 380,000. Mwaka 1964, Arno Penzias na Robert Wilson walisumbuliwa na nuru hiyo, iliyosikika kama mvumo kwenye antena kubwa yenye umbo la pembe huko Holmdel, New Jersey. Waliwafukuza njiwa waliojenga kiota ndani, wakasafisha mavi yao, wakakagua kila kiungo. Mvumo haukuisha, na ulitoka kila upande wa anga, usiku na mchana. Kipimo cha joto la nuru hiyo ni karibu nyuzi 270 chini ya sifuri, baridi inayolingana na joto lililopoa kwa muda huo wote. Habari hiyo ilimfikia Lemaître akiwa mgonjwa, muda mfupi kabla ya kifo chake Juni 1966. Penzias na Wilson walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1978.

Pwani ya Waswahili pia ina sehemu yake katika kazi ya kuuchunguza ulimwengu. Tarehe 12 Desemba 1970, siku ya sikukuu ya uhuru wa Kenya, roketi iliruka kutoka jukwaa la San Marco lililosimikwa baharini karibu na Malindi, ikiwa imebeba chombo cha kwanza kilichotengwa kwa ajili ya kuchunguza eksirei za angani. Kiliitwa Uhuru. Ndicho kilichoonyesha kwamba makundi makubwa ya galaksi yamejaa gesi yenye joto la mamilioni ya nyuzi.

Basi kama ulimwengu ulikuwa na mwanzo, sayansi imethibitisha Mwanzo 1:1?

Hapa wapo waumini wengi wanaofurahi kabla ya wakati, na walitanguliwa na Papa mwenyewe. Tarehe 22 Novemba 1951, Papa Pius XII aliihutubia Akademia ya Kipapa ya Sayansi, akizungumza kana kwamba fizikia mpya imeshuhudia lile neno la Mungu la kwanza, “iwe nuru”. Lemaître hakufurahi. Mwaka uliofuata, akiwa njiani kwenda mkutano wa kisayansi Cape Town, inaelezwa kwamba alipita Roma kuzungumza na washauri wa Papa. Septemba 1952 Papa alihutubia mkutano mkubwa wa wanaastronomia Roma bila kurudia dai lile.

Kwa nini padri azuie uthibitisho wa imani yake? Lemaître alisisitiza mpaka mwisho kwamba nadharia yake iko nje ya maswali ya dini: anayemkana Mungu anaweza kuikubali, na anayemwamini anaweza kuikubali. Aliona hatari iliyo mbele. Nadharia za sayansi hurekebishwa, nyingine hutupwa. Kanisa likiifunga imani yake kwenye nadharia moja, siku nadharia itakapovunjika, waumini wataambiwa Mungu amevunjika nayo.

Kuna sababu nzito zaidi, nayo ni ya teolojia. Takribani mwaka 1270, Thomas wa Akwino aliandika kijitabu akitetea jambo lililowashangaza wengi wa wakati wake: akili peke yake haiwezi kuthibitisha kwamba ulimwengu ulikuwa na mwanzo, na hata kama ungekuwapo milele, bado ungekuwa umeumbwa. Thomas aliamini mwanzo upo, kwa sababu ya Maandiko. Lakini kwake kuumba ni kuvipa vitu kuwapo, sasa hivi na kila wakati, wala si kuvisukuma mara moja kisha kuondoka. Ni kama sauti ya ngoma na mkono wa mpigaji: mkono ukitulia, sauti haipo tena. Sekunde ya kwanza ya ulimwengu haiko karibu na Mungu kuliko asubuhi ya leo Kyebando.

Mkristo anayeelewa hivyo anaweza kuzisoma habari za fizikia kwa utulivu. Wanafizikia wakigundua kesho kwamba kabla ya Mlipuko Mkuu kulikuwa na ulimwengu mwingine, swali la kwa nini kuna kitu chochote badala ya kutokuwapo chochote litabaki palepale.

Na siku sita? Biblia haisemi wazi?

Wakristo hawajawahi kuwa na jibu moja, na ni haki kulisema hilo bila kuficha. Kanisa la Waadventista Wasabato, lenye waumini wengi Afrika Mashariki, linafundisha rasmi siku sita halisi, na katika mkutano wake mkuu wa mwaka 2015 huko San Antonio liliongeza maneno ya kuonyesha kwamba uumbaji ulikuwa wa karibuni. Makanisa mengi ya kilokole yanashika mafundisho yanayofanana na hayo. Hesabu ya miaka elfu sita hivi inafahamika zaidi kutoka kwa James Ussher, askofu mkuu wa Ireland, ambaye mwaka 1650 aliuweka uumbaji mwaka 4004 kabla ya Kristo.

Lakini wanaodhani kwamba kuzisoma siku zile kwa namna nyingine ni woga wa Wakristo wa leo mbele ya sayansi wamsome Agostino. Mwafrika huyu, aliyezaliwa mwaka 354 mahali ambapo leo ni Algeria, aliandika ufafanuzi mrefu wa kitabu cha Mwanzo zaidi ya miaka 1,500 kabla ya Lemaître. Aliuliza siku tatu za kwanza zilikuwa siku za namna gani, ikiwa jua lilifanywa siku ya nne, akaelekea kwenye rai kwamba Mungu aliumba vyote kwa mara moja. Tena aliwaonya Wakristo kwa ukali: asiyeamini anayeijua habari ya nyota akimsikia Mkristo akizungumza upuuzi juu ya nyota kwa kutaja Biblia, atawezaje kuiamini Biblia hiyo inapozungumza juu ya ufufuo? Onyo hilo lina uzito ule ule leo kwenye kila mimbari ya Kampala.

Kuna ushahidi wowote wa mabilioni ya miaka ambao Mganda anaweza kuushika mkononi?

Upo, na ulianguka wenyewe. Alasiri ya tarehe 14 Agosti 1992, watu wa Mbale walisikia milipuko angani, kisha mawe yakaanza kushuka juu ya mji. Kimondo kilikuwa kimepasuka hewani. Vipande vilitoboa mapaa, na kimoja chenye uzito wa gramu tatu hivi kilipiga majani ya mgomba kwanza, kikapunguza kasi, kikamgonga kijana mmoja kichwani bila kumjeruhi. Kipande kikubwa zaidi kilichookotwa kilikuwa na kilo 27.4.

Ulikuwa wakati UKIMWI unaua katika kila kijiji, na dawa za kuudhibiti zilikuwa hazijawafikia wengi. Baadhi ya watu waliyasaga mawe yale wakayala, wakiamini yametumwa na Mungu kama tiba. Hakuna sababu ya kuwacheka. Mtu anayezika ndugu kila wiki hutafuta huruma popote anapodhani imeanguka. Maabara, kwa upande wake, inasema jambo jingine: vimondo vya aina hiyo vilitokea wakati mfumo wa jua unaanza, miaka kama bilioni 4.56 iliyopita, na umri huo hupimwa kwa jinsi urani inavyogeuka kuwa risasi kwa mwendo usiobadilika. Ni jiwe kuukuu kuliko mlima wowote duniani, na lilitua kwenye mgomba wa Mbale.

Kabla ya Mlipuko Mkuu kulikuwa na nini?

Haijulikani. Mwaka 1983 Stephen Hawking na James Hartle walipendekeza kwamba wakati wenyewe hauna ukingo, kiasi kwamba kuuliza “kabla” hakuna maana. Mwaka 2010 Hawking aliandika kwamba sheria za fizikia zinatosha, Mungu hahitajiki. Hapo alivuka mpaka wa kazi yake, kama Papa Pius alivyouvuka kutoka upande wa pili, kwa kuwa sheria zenyewe bado zinadai maelezo.

Na mambo yasiyojulikana ni mengi. Maada ya kawaida, yaani nyota, mawe na miili yetu, ni asilimia 5 tu ya ulimwengu. Iliyobaki ni maada ya giza na nishati ya giza. Hata kasi ya kutanuka imeleta mgogoro: njia moja ya kupima inatoa 67 na nyingine 73, kwa kizio kile kile kinachotumiwa na wataalamu. Mhubiri asiuweke ujinga huu wa muda kuwa kiti cha Mungu, maana wanafizikia wanaufanyia kazi kila siku.

Mtoto akirudi kutoka shule na kusema mwalimu amefundisha miaka bilioni 13.8, mzazi amwambie nini?

Amwambie mwalimu amefundisha vizuri, na amsimulie habari za padri Lemaître. Asimlazimishe kuchagua kati ya mwalimu na mchungaji, kwani vijana wengi wakilazimishwa hivyo humchagua mwalimu na kuliacha kanisa, na wengine hulichagua kanisa na kuiacha fizikia waliyoipenda. Hasara zote mbili zinauma, na zote mbili zinaweza kuepukwa.

Na kama mtoto huyo anataka kwenda mbali zaidi, njia ipo. Idara ya fizikia ya Makerere iko karibu, na Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Mbarara kimekuwa na walimu wa astronomia kwa miaka mingi. Wahandisi vijana wa Uganda, Bonny Omara, Edgar Mujuni na Derrick Tebusweke, walisomea Japani kazi ya kuunda PearlAfricaSat-1, setilaiti ya kwanza ya nchi hiyo, iliyorushwa Novemba 2022. Vatikani nako kuna kituo cha kuchunguza anga, chenye Wajesuiti waliosomea fizikia hadi ngazi ya udaktari na darubini yake kwenye Mlima Graham, Arizona, kwa hiyo hata kijana anayesikia wito wa upadri hana sababu ya kuiweka kando hisabati.