"Kesho inshaallah" isiwe pazia la uvivu



Hapa Bagamoyo, na kuelekea Mapinga na Bunju, wapo Waislamu wengi ambao ofisi yao ni baraza la nyumba. Kuna mafundi cherehani, wachongaji wa milango, akina mama wa maandazi na visheti, na siku hizi vijana wanaotengeneza kadi na mabango kwa kompyuta. Ni riziki ya heshima. Mtume (saw) alikisifu chakula anachokipata mtu kwa kazi ya mkono wake, akamtolea mfano Nabii Daudi (as), kama ilivyo katika Sahihi Bukhari.

Lakini kazi ya nyumbani ina mtihani wake: hakuna anayekuuliza. Mvuvi naye hana bosi, ila ana bahari. Maji hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku nyakati zake husogea mbele kwa takriban dakika 50. Akisema "nitatoka baadaye kidogo," atakuta chombo kimekaa mchangani. Hata wenye majahazi wa karne ya 19 waliokuja hapa na kaskazi walilazimika kumaliza biashara ili warudi Arabuni na kusi. Fundi wa barazani hana maji wala upepo wa kumkimbia. Kitambaa cha mteja kipo leo, na kesho kitakuwepo. Hapo ndipo inapoingia taswif, neno la Kiarabu lenye asili ya "sawfa", yaani "nitafanya baadaye".

Katika darsa zetu, linalonisikitisha zaidi ninapolizungumza jambo hili si fedha inayopotea. Ni jina la Allah (sw) tunavyolitumia. Mteja ametoa advansi ya kanzu ya Iddi. Anakuja mara ya kwanza, anaambiwa "kesho inshaallah". Mara ya pili, "kesho inshaallah". Sasa watu wanauliza kwa mzaha: "Hiyo ni inshaallah ya kweli au ya fundi?" Mzaha huo utuume, ndugu zangu.

Katika Surat al-Kahf (18:23-24) tumefundishwa tusiseme tutafanya jambo kesho bila ya kulifungamanisha na matakwa ya Allah. Aya hizo zinamhusu mtu aliyekwisha kuazimia, akatambua kuwa uwezo wa kutimiza si wake. Anayetamka inshaallah huku moyoni hana nia ya kushika mkasi, ameugeuza unyenyekevu kuwa pazia. Na kuvunja ahadi Mtume (saw) amekuhesabu miongoni mwa alama za mnafiki.

Tutoke vipi katika maradhi haya?

Kwanza, sala ziwe ndio maji yetu kujaa na kupwa. Sisi tunaoishi karibu na Ikweta tumerahisishiwa: wakati wa Adhuhuri au Maghrib hutofautiana kwa takriban nusu saa tu mwaka mzima, wakati ndugu zetu wa London huswali Maghrib kabla ya saa kumi jioni mwezi Desemba na baada ya saa tatu usiku mwezi Juni. Basi ipangie kazi kila nafasi iliyo kati ya sala na sala. "Nitashona leo" ni maneno mapana. "Nitakata kitambaa kabla ya Adhuhuri" ni ahadi inayoweza kupimwa, na adhana ndiyo itakayokuuliza.

Pili, kazi nzito ianze asubuhi. Mtume (saw) aliuombea baraka umma wake katika mapema ya siku. Sakhr al-Ghamidi (ra), aliyeipokea Hadithi hiyo, alikuwa mfanyabiashara, akawa anatuma bidhaa zake mapema, na mali yake ikaongezeka. Basi simu isiwe ya kwanza kushikwa baada ya Alfajiri.

Tatu, anza na kidogo. Amali inayopendeza zaidi kwa Allah ni ile ya kudumu hata ikiwa ndogo. Kazi inayotisha kwa ukubwa, fanya kipande chake kimoja. Mara nyingi ugumu uko katika kuanza.

Nne, andika. Aya ndefu kuliko zote katika Qur'an (2:282) inahusu kuandika deni lenye muda maalumu. Ukishapokea advansi, wewe ni mdaiwa wa kazi. Weka daftari: jina, kazi, siku ya kukabidhi. Ukiona siku haitatosha, mjulishe mteja kabla hajapoteza nauli yake.

Hata hivyo tuwe waadilifu. Si kila anayechelewa ni mvivu. Mama anashona huku ananyonyesha na kupika, na umeme nao hukatika. Huyu hahitaji kulaumiwa. Anahitaji kuahidi siku anayoiweza, hata ikiwa ni ya mbali, na watu wa nyumbani kwake watambue kuwa kazi ya barazani nayo ni kazi.

Allah (sw) ameapa kwa wakati katika Surat al-'Asr, akaeleza kuwa mwanadamu yumo hasarani isipokuwa walioamini, wakatenda mema, wakausiana haki na subira. Kumkabidhi mteja nguo yake siku uliyoahidi ni katika hayo mema. Basi leo, baada ya sala inayofuata, toa ile kazi ya mtu iliyolala kabatini, uianze.

Wabillahi tawfiq.