Usiuze kadi bado, mdogo wangu

*Yaya, kompyuta yangu ya michezo niliijenga mwenyewe, kipande kimoja kimoja, kwa miaka miwili. Mwezi uliopita nilitoa kadi ya grafiki GTX 1050 Ti nikaweka RX 580, mtumba wa Lubumbashi, na siku hiyohiyo nikaongeza RAM. Asubuhi inacheza vizuri. Jioni, katikati ya mechi, inazimika ghafla kama mtu kachomoa waya. Siku nyingine inawaka, feni zinazunguka, lakini skrini inabaki nyeusi. Muuzaji anaapa kadi ilikuwa nzima. Nataka kuiuza kwa bei yoyote. Mdogo wako wa Kikula.*

Mdogo wangu, barua yako nimeisoma mara mbili, na mara ya pili nimepiga mstari chini ya neno moja: jioni. Kadi iliyokufa haitazami saa. Kinachobadilika kati ya asubuhi na jioni ni umeme wa nyumbani kwako, kwa hiyo tuanzie hapo.

Wewe unajua jioni ya Kikula ilivyo. Kila nyumba yenye umeme imewasha resho, lile jiko la umeme, bukari iko motoni, na taa zinaanza kuwa njano. Umeme unaopaswa kuwa volti 220 unashuka. Kompyuta haipunguzi njaa yake kwa sababu volti zimepungua. Inavuta ampea nyingi zaidi ili ipate wati zilezile. Anayebeba mzigo huo ni alimantasio, kile kisanduku cha nyuma kinachogawa umeme ndani ya mashine. Hujaniandikia hata neno moja juu yake, na hapo ndipo nilipoanza kuwa na wasiwasi.

Tazama ulichomuongezea. GTX 1050 Ti inatumia wati 75 hivi, na hizo inaweza kuzipata zote kwenye tundu la bodi mama. RX 580 inakwenda hadi wati 185, na inataka kebo yake yenyewe ya pini nane. Ni kama mtu aliyekuwa anabeba mfuko mmoja wa unga, ukampa miwili na nusu, halafu jioni ukamwambia apande mlima. Asubuhi anajikaza. Jioni anaanguka.

Kwa hiyo kazi yako ya kwanza haihitaji faranga hata moja. Chukua daftari, uandike kila inapozimika: saa ngapi, ulikuwa unacheza nini, resho ilikuwa inawaka au la. Fanya hivyo siku tano. Kisha mwombe fundi umeme wa mtaani apime tundu lako mara mbili, asubuhi na saa moja jioni. Wewe usichokoze tundu kwa kifaa usichokijua.

Ukimaliza, soma karatasi iliyobandikwa kwenye alimantasio. Ukikuta imeandikwa volti 100 hadi 240, inaweza kuvumilia umeme ukishuka. Ikianzia 200, jioni zetu zinaitesa. Tazama na wati: kwa kadi kama yako, tafuta alimantasio ya kweli ya wati 500 au zaidi, ya kampuni inayojulikana. Ukiona kitufe chekundu kilichoandikwa 115 na 230, kiache kwenye 230. Kukiweka 115 kwenye umeme wetu ni kuichoma. Na hata ukiwa umechomoa waya, usifungue kisanduku hicho. Ndani yake kuna vitu vinavyoweka umeme muda mrefu, na vinaweza kukuua.

Sasa nikuulize: ile pini nane uliipata wapi? Kama alimantasio yako ya zamani haikuwa nayo, ukanunua kakebo kanakounganisha umeme wa disiki na kadi, kang'oe leo. Kichwa kile cha disiki, cha aina ya SATA, kimetengenezwa kwa wati 54 tu. Sisi tumekulia mji ulioishi kwa shaba ya Shituru; mtoto wa Likasi anajua kwamba waya mwembamba ukipewa kazi ya mnene, unapata moto.

Skrini nyeusi ni kesi nyingine, usiichanganye na ya kwanza. Hakikisha kebo ya skrini imechomekwa kwenye kadi yenyewe, si kwenye bodi mama. Kisha zima, chomoa waya wa ukutani, toa RAM mpya, ubaki na ile ya zamani. Ikiwaka vizuri siku tatu, rudisha mpya peke yake. RAM lazima uisukume hadi usikie mlio wa pande zake kujifunga. Wengi wanaogopa kuikaza, inabaki imekaa nusu. Zikiwa mbili kwenye bodi yenye matundu manne, kwa kawaida zinakaa la pili na la nne ukihesabu kutoka kwenye prosesa. Na RAM mbili zisizofanana, kila moja nzima peke yake, zinaweza kukataa kuishi pamoja.

Unaona kwa nini imekuwa vigumu? Ulibadilisha vitu viwili siku moja, sasa hujui umshike nani. Kosa hilo nalijua kwa machozi. Mimi nilibadilisha prosesa, RAM na feni mchana mmoja. Bodi yangu ilikuwa ya B450, ya mwaka 2018, na prosesa ilikuwa Ryzen ya familia ya 5000, iliyotoka 2020, kwa hiyo BIOS, programu ya ndani ya bodi inayoiwasha mashine, ilipaswa kusasishwa kwanza. Nilirudisha prosesa ya zamani, nikaanza kusasisha saa moja jioni bila ondileri, kile kifaa chenye betri kinachoshikilia umeme ukikatika. Umeme ukakatika katikati. Bodi haikuamka tena. Tangu siku hiyo nabadilisha kitu kimoja, nakitumia siku tatu, ndipo nagusa kingine. Na BIOS siigusi ila asubuhi, betri ya ondileri ikiwa imejaa.

Ukifikiria kununua ondileri, fahamu kwamba VA si wati. Ile ndogo ya VA 650 mara nyingi haifiki wati 400. Itakupa dakika chache za kuhifadhi na kuzima, si za kumaliza mechi. Na msimu wa mvua, radi ikianza kunguruma, chomoa kila kitu.

Kadi nayo sijaisamehe moja kwa moja, maana mtumba ni mtumba. Ipeleke kwa rafiki mwenye alimantasio nzuri, icheze kwake kwa muda wa saa mbili, jioni kabisa. Ikizimika na kwake pia, rudi kwa muuzaji ukiwa na daftari na shahidi. Isipozimika, utakuwa umejua pa kupeleka pesa zako, nayo ni alimantasio.

Miaka miwili ulinunua kipande kimoja kimoja, na kila kimoja kina historia ya mahali ulipokosa kula au kuvaa. Usikitupe kwa hasira ya mwezi mmoja. Nitumie volti alizopima fundi saa moja jioni, nami nitakujibu.

Yaya wako.